Miaka ya Kujifunza Kushiba

Sukari ilipopotea madukani, mimi na mume wangu tulikuwa bado wageni Bunda. Yeye alikuwa mtu wa upande wa Butiama, mtoto wa wafugaji, aliyepata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilizaliwa kijiji cha wavuvi, kwenye ile rasi inayoingia ziwani, upande wa kusini wa Musoma. Tulipanga chumba Kabasa, palepale Bunda, chenye mlango mmoja na dirisha la mbao, na humo tukaanza maisha wakati ambao hata kibiriti kilikuwa kitu cha kutafuta.

Watu wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile kwa foleni. Mimi naikumbuka kwa unga wa njano. Tuliambiwa ni msaada, umetoka mbali kwa meli, na ulipopikwa ulinuka gunia. Nilisonga, nikala, na kabla sijanawa mikono nilikuwa nafikiria ugali wa mama yangu. Mama alisonga udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, akiuchanganya na mtama mpaka ukawa na rangi ya udongo. Pembeni aliweka bakuli la furu, samaki wadogo wa ziwani wenye miba mingi. Tulikaa chini tukichambua miba, na kwa sababu ya miba hakuna aliyeweza kula haraka. Sikumbuki nikiondoka kwenye mkeka wa mama na njaa. Bunda nililala nayo na kuamka nayo. Nilimwambia mume wangu kwamba tumbo halina shida, ila nimekumbuka kwetu.

Hakunicheka. Baada ya wiki kadhaa aliomba ruhusa kazini akaenda mpakani na wenzake. Alirudi jioni moja amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa bado linachoma. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akavua koti, akapasua bitana yake kwa wembe. Sukari ikamwagika kwenye sinia. Haikuwa nyingi. Siku hizo mtu akikutwa na sukari asiyoweza kueleza imetoka wapi alikuwa anaitwa mlanguzi, kwa hiyo tulichemsha chai yetu kwa kunong'ona. Alinitilia mimi kwanza. Yeye hakunywa mara moja. Alikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa, akanitazama.

"Kunywa," alisema. "Nataka nikuone ukinywa."

Ninapomkumbuka mume wangu, mara nyingi simkumbuki kanisani siku ya harusi yetu. Namkumbuka amekaa juu ya ile ndoo, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi zake, akifurahia chai iliyokuwa inapita kwenye koo la mtu mwingine.

Kisha mambo yakafunguka. Ilikuwa kama mtu ameinua pazia. Maduka yakajaa sabuni, mafuta ya kupikia, mitumba, mikate, unga mweupe wa sembe laini kama poda, na sukari, magunia kwa magunia, mpaka tukaizoea na kuanza kuikanyaga ikimwagika sokoni. Lakini mambo yaleyale yaliyojaza maduka yalikifunga kiwanda. Pamba ikaanza kununuliwa na watu binafsi, ushirika ukashindwa kulipa wakulima, mashine zikasimama. Mume wangu na wenzake waliambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Walisubiri mpaka majani yakaota uwanjani kwenye mizani.

Akaamua kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, ng'ambo ya Mwanza. Alisema ni msimu mmoja tu. Binti yetu, aliyezaliwa Kabasa na sasa alikuwa ameanza shule, tulimpeleka Butiama kwa bibi yake, kwa sababu na mimi nilitaka kufungua mgahawa karibu na stendi ya mabasi na nisingeweza kumwangalia. Nilimsindikiza mume wangu asubuhi. Basi la Mwanza lilichelewa, tukakaa juu ya mzigo wake, na lilipokuja lilimchukua haraka kama vile lilikuwa linamdai.

Msimu mmoja ukawa miaka. Krismasi nyingine alikuja, nyingine alituma salamu na kitenge kwa mtu.

Mgahawa ulikuwa wa mabati, wenye mabenchi mawili. Nilipika maandazi na chapati, chai ya maziwa, uji wa asubuhi kwa makondakta. Mpishi anaonja, na mimi nilionja tangu alfajiri mpaka mchana: kipande cha andazi kuona kama limeiva, chai kuona kama sukari imekolea, makoko ya uji. Yote hayo sikuyahesabu kuwa ni kula. Kula kulikuwa jioni, nikisharudi Kabasa. Nilishindwa kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono ulikuwa umezoea sufuria ya wawili, na nilisonga ugali wa wawili, nikapakua sahani mbili. Nilikula yangu. Kisha nilikaa kidogo nikiitazama ya kwake, nikijiuliza huko aliko amekula nini, na nani amempikia. Halafu nikaivuta nikaila nayo. Ajabu ni kwamba kabla ya kulala nilikuwa na njaa tena, na nilichukua maandazi yaliyobaki.

Nilinenepa. Mwanzoni nilifurahi, na nani asingefurahi, baada ya miaka ile ya kufunga kanga na kuizungusha kiunoni kama kamba kwenye nguzo. Wateja walisema biashara imenikubali. Wanawake wa kanisani walisema baba wa machimbo anatunza. Nilipiga picha nimesimama mbele ya mgahawa, mikono imejaa, nikamtumia ili ajue kwamba mke wake hateseki. Aliniletea jibu kwa mdomo wa mwenzake kwamba ameiweka picha chini ya godoro na anaitazama kila siku.

Yalipokuja yale mengine niliyanyamazia. Usingizi ulikuwa unanishika baada ya kula, usingizi mzito wa ghafla, hata mteja akiwa mbele yangu. Shingo yangu kwa nyuma ilianza kuwa nyeusi, nyeusi ya kipekee, laini kama mahameli. Nilidhani ni moshi wa kuni. Niliisugua kwa jiwe na sabuni mpaka ikatoa damu na weusi haukutoka. Siku nyingine mikono ilitetemeka na moyo kudunda kabla sijaweka kitu kingine mdomoni, nusu saa tu tangu nimalize uji. Siku niliyoanguka kwenye benchi nikiwa nimeshika birika, majirani wa stendi walinipandisha basi la Musoma.

Daktari niliyemkuta hospitalini alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini iliyokufanya usogeze kiti. Alinipima damu, akanigeuza kichwa akaitazama shingo yangu kwa muda, akaniuliza ninakula nini kuanzia ninapoamka. Nilipomwambia, pamoja na yale ya kuonja, aliweka kalamu chini. Alinieleza kwamba chakula kikiingia kinakuwa sukari ndani ya damu, na kuna kitu kinaitwa insulini kinachotolewa na kongosho, kazi yake ni kubisha hodi kwenye mwili ili sukari iingie ndani ifanye kazi. Mwili wangu ulikuwa umebishiwa hodi mfululizo, mchana kutwa, miaka, mpaka ukaacha kuitikia. Kwa hiyo kongosho linabisha kwa nguvu zaidi. Insulini inajaa, inazuia mafuta yasitoke yalikohifadhiwa, na njaa inarudi upesi. Alisema bado sijafika kwenye kisukari chenyewe, lakini njia niliyopo inaelekea huko, na kupungua uzito kungenirudisha nyuma.

Niliinamisha kichwa. Nilimwambia kwamba nimeshakaa na njaa enzi za unga wa njano na sitaki kuirudia.

"Mama, sijasema ukae na njaa," alisema. "Nataka ushibe. Wewe siku nyingi hujashiba. Umekuwa unajaza tu."

Maneno hayo niliyabeba mpaka Bunda. Alikuwa ameniagiza nianze kila mlo kwa mboga za majani nyingi na samaki au maharage, nile polepole, ugali uje mwisho na usizidi ngumi yangu, na uwe wa dona au mtama, sembe niiache. Sukari kwenye chai basi. Soda basi. Uji basi. Kuonja basi, mpaka saa ya kula. Na nitembee. Dawa zipo, alisema, lakini tuanze na sahani.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu na sitadanganya. Kichwa kiliuma. Nilichemsha chai ya wateja, harufu ya sukari ikapanda na mvuke, na mimi nikanywa yangu ya rangi, chungu, nikikunja uso. Nilifikiria jinsi sukari ilivyonikimbia nikaililia, na sasa imenijia mpaka mlangoni naambiwa niikimbie. Lakini iliyoniumiza zaidi ilikuwa jioni. Kupika chakula cha mtu mmoja kulinishinda nguvu. Kupunguza unga kwenye sufuria kulikuwa kama kukubali kwamba harudi. Siku ya kwanza nilipoweka sahani moja mezani nililia, na sikulia kwa njaa. Ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote ile kuna kitu nilikuwa natafuta kwenye ile sahani ya pili, na ugali haukuwa nacho.

Nilirudi kwenye vyakula nilivyovijua kabla ya sembe. Furu nilimtafuta sokoni kwa wanaotoka Musoma, wakaniambia siku hizi hayupo, sangara amemmaliza ziwani, na sangara mwenyewe minofu yake inakwenda viwandani, sisi tunabakiziwa mapanki, kichwa na mgongo. Nilinunua mapanki. Nilichemsha na nyanya na ndimu, nikanyofoa nyama iliyobaki kwenye mifupa, na kule kunyofoa kukanipunguza kasi kama miba ya utotoni. Nilipika dagaa na karanga. Nilipika mgagani, ile mboga chungu inayoota yenyewe mashambani, nikaupoza kwa maziwa. Nilikula maharage bakuli zima kabla ya kugusa ugali, na nilipoufikia ugali mkono ulisita wenyewe.

Siku moja nilikuwa naosha vikombe nikaona kivuli cha mgahawa kimejikunja chini ya mabati, jua liko juu kabisa, na tangu asubuhi sijafikiria chakula. Nilisimama na kikombe mkononi. Ilikuwa kama kelele niliyoizoea imezimwa, na sikujua ni kelele mpaka iliponyamaza.

Nilianza kupungua. Nilitembea kwa miguu kati ya Kabasa na stendi, na Jumapili baada ya ibada nilitoka nje ya mji nikapita kwenye mashamba ya pamba. Nguo zililegea. Shingo ikaanza kurudia rangi yake.

Nilipokwenda Butiama kumwona binti yangu, mama mkwe alinipokea kwa kunishika mikono, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayekagua mbuzi aliyerudishwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na alinipenda kwa njia yake, ambayo ilikuwa kupika. Alileta mlima wa ugali na kuku. Nilikula kuku na mboga, nikamega ugali kidogo, nikasogeza mkono. Hakuna jambo baya kama hilo mbele ya mkwe. Nilimweleza yote ya daktari, polepole, binti yangu akinisaidia kwa lugha yao pale Kiswahili changu kilipomwacha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi zamani tulikuwaga tunakula mboga nyingi, ugali kidogo, sababu mtama kuusaga ilikuwaga kazi," alisema. "Hiyo naielewa. Lakini mwanangu akirudi akute mifupa, mimi nitamwambia nini?"

Nilimwambia amwambie mke wake ni mzima. Asubuhi aliniwekea mboga kwanza, ugali pembeni, nikadhani ameridhika. Nilipoondoka nilikuta kikapu changu kina unga chini ya matembele.

Kumbe alikuwa na hofu kubwa kuliko alivyoonyesha, na hakuwa peke yake. Ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wanakonda kisha wanazikwa. Kila mtaa wa Bunda ulikuwa na nyumba yake ya msiba. Ukimwi ulikuwa hautajwi kwa jina, watu walisema tu fulani amepungua, na wote waliosikia walijua. Na mimi nilikuwa mke wa mtu wa machimbo, na huko machimboni maisha yalijulikana yalivyo. Nilikuwa nimefurahia kupungua kama mtoto anayefurahia nguo mpya, sikuwaza kwamba wengine wanaona kitu kingine.

Dereva aliyekuwa anakula kwangu kila siku alianza kupitiliza kwenda kibanda cha pili. Mwingine alikuja na kikombe chake. Kisha wanawake watatu wa kwaya wakaja nyumbani wakati wa mchana, wakakaa, wakakataa hata maji. Mkubwa wao alinishika goti.

"Dada, tumekuja kukuombea," alisema. "Usituambie lolote. Mungu anajua."

Niliwaambia ni sukari, daktari ameniagiza nipungue. Walitikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akikonda kwa kuagizwa na daktari. Wakaomba, mkubwa wao akalia, na mimi nikiwa nimefumba macho nilitamani mume wangu angekuwepo tu, amekaa pale kwenye kiti, ili wamwone ni mzima na waniache.

Nilijua dawa ya maneno yao. Ningerudi kunenepa, na wote wangemshukuru Mungu. Siku hiyohiyo nilikanda unga, nikakaanga chapati, nikala pamoja na chai ya sukari kama zamani. Zilikuwa tamu. Nililala kwenye kiti kama mtu aliyepigwa, nikaamka natetemeka, natoa jasho, na njaa ikiwa imesimama mbele yangu kama ilivyokuwa ikisimama. Nilizitia chapati zilizobaki kwenye mfuko nikampelekea jirani. Kesho yake nilinunua dagaa.

Wakati huohuo, bila mimi kujua, mama mkwe alimwita kijana wa kwao aliyekuwa anaondoka kwenda machimboni, akamtuma kwa mwanawe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mke wako anapungua, njoo umwone. Lakini ujumbe ulisafiri safari ndefu, na kila aliyeubeba aliongeza huruma yake. Ulipofika kwenye mashimo ulikuwa unasema kwamba niko kitandani, sitambui watu.

Mume wangu alifika alasiri. Nilikuwa nimechuchumaa uani naosha dagaa, nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa bila hodi. Alikuja mpaka kwenye kizingiti cha uani akasimama. Alikuwa amezeeka. Nywele zilikuwa zimeingia mvi juu ya masikio, na mkono mmoja ulikuwa na kovu nisilolijua. Kwenye bega alikuwa na begi. Mimi nilibaki nimechuchumaa, maji ya dagaa yakinitiririka mikononi.

"Walisema umelala," alisema mwishowe.

"Ningelala halafu nani angeosha hawa dagaa?"

Alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akafunika uso. Nilinawa, nikaenda nikakaa karibu yake. Alinuka jasho la basi na kitu kingine, udongo wa chini kabisa. Nilimweleza juu ya kongosho, na insulini, na sahani, na kutembea. Sijui alisikia kiasi gani. Aliponiangalia, aliniangalia shingo, mikono, uso, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya chumba chenye giza.

"Ni mimi?" aliuliza. "Niambie ukweli, mama. Ni mimi nimekuletea?"

Kwa swali hilo nilijua kwamba huko alikokuwa hakuishi na picha peke yake. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu miaka, na amerudi, na amerudi na hili. Nilimjibu kwamba mimi ni mzima, lakini kwa kuwa ameuliza, twende tukapime wote wawili. Tulikwenda Musoma wiki ile. Yule daktari wangu alitupokea, na siku ya majibu tulikaa kwenye benchi la ukumbini bila kugusana. Damu zetu zilikuwa salama. Tukiwa nje mume wangu alishika ukuta wa hospitali akatapika. Sikumuuliza habari za machimboni siku ile wala baadaye, na yeye alijua kwamba sijauliza.

Begi lake nililifungua siku iliyofuata ili nifue nguo. Chini kabisa, ndani ya gazeti, nilikuta gauni jeupe, jipya, lenye kola ya lesi na mikono mirefu. Nililikunjua nikalisimamisha mbele yangu. Lilikuwa pana, linanitosha mara mbili. Nilidhani ni zawadi, na amekosea kipimo kwa kuwa hajaniona. Nilipogeuka nilimkuta amesimama nyuma yangu na uso wake ulikuwa umebadilika. Ndipo nikaelewa. Alilinunua Mwanza akiwa njiani, ili anizike nalo. Alisema muuzaji alimuuliza marehemu ana mwili gani, naye akatoa ile picha mfukoni akamwonyesha.

Tuliketi kitandani, gauni katikati yetu. Nililia na yeye akalia, halafu sijui nani alianza, tukacheka, kicheko kibaya cha watu waliochoka, mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya hapo nililipeleka kwa fundi cherehani akalipunguza kila upande, akatoa lesi. Nililivaa kanisani Jumapili, mume wangu ameketi kando yangu. Yule mkubwa wa kwaya alikuja kunisalimia, akalisifu gauni, akaniuliza kwa sauti ndogo ni mboga gani hasa nilikuwa nakula.

Hakurudi machimboni. Tulifunga mgahawa, tukahamia Butiama kwa mama yake, tukawa na ng'ombe wachache na shamba la mtama na maharage. Alianza kula kama mimi, kwanza kwa kunisindikiza, baadaye kwa kupenda. Tulikuwa tunatembea asubuhi kabla jua halijawa kali, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma, na ilituchukua muda mrefu kuzoea kuongea tena. Kuna siku tulitembea mpaka mwisho na kurudi tumeongea neno moja au mawili. Lakini alikuwepo. Binti yetu alikuwa anatuona tukirudi na kutuwekea maji ya kunawa.

Miaka tuliyopewa haikuwa mingi kama niliyotaka. Moyo ulimsimama akiwa shambani, mchana, amekaa kwenye kivuli cha ghala. Kwenye matanga wanawake walinizunguka, wakaniletea uji wa sukari kwenye bakuli kubwa, kwa maana mfiwa anapewa uji, na sikuwa na nguvu ya kukataa wala kueleza. Nilikuwa nimeshalishika bakuli. Mama mkwe, aliyekuwa amezeeka sasa na haoni vizuri, alikuwa kwenye mkeka ng'ambo ya chumba.

"Huyo hali uji," alisema. "Mpeni maharage na maziwa ya kuganda. Mpeni ashibe, kazi ya kulia bado ni ndefu."

Waliniletea. Nilikula polepole, yeye akiwa amegeuzia uso wake upande wangu akisikiliza kijiko. Aliposikia nimemaliza aliomba na yeye apewe, na hapo ndipo wote wawili tulipolia vizuri.

Siku hizi ninakaa Bweri, pale Musoma, na binti yangu, kwenye nyumba aliyojenga. Nina bustani ya mchicha na matembele nyuma ya choo, na bodaboda wa kona wananijua kwa sababu kila asubuhi nawakatalia kunipakia. Ninapimwa damu pale hospitalini, na daktari kijana anayenipima ananiambia nimejitahidi. Namshukuru. Kisha narudi kwa miguu, taratibu, kwa ile barabara ya Mwanza, mabasi yakinipita, na kila linalopunguza mwendo ninalitazama mlangoni kuona nani anashuka.